Sasipensheni ya Nyuma ya Gari la Zamani: Uitengeneze Nyumbani, kwa Fundi wa Jua Kali, au Gereji Yenye Lifti?

Mwenye gari la zamani jijini Nairobi anaposikia nyuma ya gari ikigonga kila anapovuka tuta, mara nyingi huanza na swali la pili kabla ya la kwanza. Huuliza atalitengenezea wapi, ilhali bado hajajua ni kipande gani cha sasipensheni, yaani springi na vyuma vinavyoyashika magurudumu, kilichoharibika. Nimeifanya kazi hii kwa njia zote tatu zinazopatikana hapa, yaani mwenyewe katika maegesho ya ploti, kwa fundi wa jua kali kando ya barabara, na katika gereji yenye lifti, na ninaandika ulinganisho huu kwa sababu naona watu wengi wakichagua kwa kutazama gharama ya ufundi peke yake. Kwa maoni yangu yanayopaswa kuamua ni mambo mawili: kama kipande chenyewe kinaweza kutolewa bila kushika springi iliyobanwa, na kama kinahitaji presi, yaani mashine ya kusukumia vipande kwa nguvu, ili kirudi kazini.

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Kwa kuwa kanuni ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka 8, Corolla ya rika hilo unayokutana nayo leo imekwisha kukanyaga barabara zetu kwa takriban miaka 20, pamoja na matuta ya mitaani na mashimo yanayofunguka kila baada ya mvua za Machi hadi Mei. Raba za bushi zake, yaani vipande vya raba na chuma vinavyokaa kwenye viungo vya sasipensheni, kama hazijawahi kubadilishwa, zimezeeka hata kama mwenyewe aliliendesha kwa upole.

Pima kwanza

Miaka michache iliyopita gurudumu langu la nyuma la kushoto lilitumbukia katika shimo lililofunikwa na maji, na kuanzia jioni hiyo nyuma ikawa inagonga. Gereji moja ilinishauri nibadilishe shoku zote mbili, yaani vifaa vinavyotuliza mruko wa springi, nikakubali na kulipa, na kugonga kule kukaendelea vilevile. Kilichokuwa kimekatika ni bushi ya fimbo inayolizuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma, kipande ambacho hakuna aliyekigusa wala kukitazama. Tangu siku hiyo sikubali kipande chochote kifunguliwe kabla ya kupima, na vipimo vinavyohitajika ni vya futi na tochi tu, vitu ambavyo kila nyumba inavyo.

Egesha gari mahali palipo sawa, penye sakafu ya saruji, usukani ukiwa umenyooka. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, upande wa kushoto na wa kulia. Upande mmoja ukiwa umeshuka waziwazi, shuku springi, kisha ichunguze kwa tochi hadi mzunguko wake wa chini kabisa, kwa kuwa hapo ndipo matope na maji hukaa na ndipo huvunjikia mara nyingi, na kipande kilichovunjika huweza kubaki kimekaa palepale kana kwamba hakijapata lolote. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kwenye Corolla 110 umbali huo ni milimita 2,465, na pande zote mbili zinapaswa kukaribiana sana. Ukikuta upande mmoja umepungua kwa sentimita nzima, kuna kitu kilichopinda au bushi iliyokatika, na shoku mpya hazitakusaidia. Tazama pia tairi, kwa sababu tairi la nyuma linaloliwa ukingo wa ndani peke yake linaeleza kwamba gurudumu halisimami inavyopasa.

Shoku iliyokufa hujionyesha kwa mafuta yaliyolowanisha mwili wake. Desturi ya kukandamiza kona ya gari na kuhesabu linavyoruka hugundua shoku iliyokwisha kabisa tu, na shoku iliyochoka nusu huupita mtihani huo bila shida, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Mpangilio wa gari lako unabadilisha hesabu yote

Magari madogo ya zamani yaliyojaa Nairobi yana mipangilio ya nyuma inayotofautiana sana kwa mtu anayetaka kufanya kazi nyumbani. Honda Fit, Mazda Demio na Nissan Note hutumia boriti moja inayonyumbuka, ambayo inaunganisha magurudumu mawili ya nyuma, na springi hukaa mahali pake peke yake, mbali na shoku. Toyota Probox ya kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, ina ekseli nzima inayoshikwa na fimbo nne pamoja na fimbo moja ya ubavuni, nayo pia springi yake imetengana na shoku. Katika magari hayo shoku hutoka kwa kufungua bolti ya chini na nati ya juu, huku boriti ikiwa imeegemezwa kwa jeki. Springi nayo hutoka kwa kuishusha boriti polepole baada ya shoku zote mbili kufunguliwa, na hakuna chombo cha kubana springi kinachohitajika, ingawa ni lazima uyaangalie mabomba ya raba ya breki na nyaya za breki ya mkono zisivutike boriti inaposhuka.

Corolla 100 na 110, pamoja na Subaru Impreza na Forester za zamani, zina mpangilio mwingine. Huko kila gurudumu la nyuma linajitegemea, limeshikwa na mikono miwili ya ubavuni na fimbo moja ya mbele, na springi imezungushiwa shoku yenyewe ikiwa imebanwa tayari. Nati ya katikati iliyo juu ya shoku ndiyo inayoizuia springi hiyo isifumuke. Mtu akiifungua bila kuibana springi kwanza, hufumuka kwa nguvu ya mamia ya kilo, na nguvu hiyo huvunja taya au mkono kabla ya mtu kuwahi kujitupa pembeni. Vibanio vya springi vinavyouzwa kwa bei ya chini huteleza na nyuzi zake huliwa haraka. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimekaa karibu na kijana aliyeifungua nati hiyo kwa kuikandamiza springi kwa miguu ya wenzake wawili, na kwamba hakuna aliyeumia siku ile si ushahidi wa lolote.

Kwa hiyo, mwenye Fit au Demio anayehitaji shoku au springi anaweza kuchagua nyumbani bila hofu kubwa. Mwenye Corolla 110 au Forester anaweza kuishusha shoku ikiwa nzima pamoja na springi yake, kwa kufungua nati za pembeni zilizo juu na bolti za chini bila kuigusa ile ya katikati, kisha akaipeleka ikiwa hivyo kwa fundi mwenye mashine ya kubania iliyofungwa ukutani au sakafuni.

Nyumbani dhidi ya lifti

Ubora mkubwa wa nyumbani ni muda. Bolti yenye kutu inaweza kunyunyiziwa mafuta ya kulegeza Ijumaa jioni, ikanyunyiziwa tena Jumamosi asubuhi, na ikafunguka mchana bila kukatika. Gerejini, ambako magari mengine manne yanasubiri, bolti hiyohiyo itapigwa nyundo au kukatwa kwa grainda katika dakika ya kumi. Aidha, nyumbani unaona kwa macho yako kila nati iliyorudi na kila iliyosahaulika.

Upungufu wa nyumbani ni mahali penyewe. Sehemu kubwa ya Embakasi, Syokimau na Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na jeki iliyosimikwa juu yake, hata ukiweka ubao, inaweza kuinama taratibu huku wewe ukiwa chini. Kama huna sakafu ya saruji iliyo sawa, ulinganisho umekwisha hapo: usifanye nyumbani. Kuna pia ploti ambazo mwenye nyumba au msimamizi hairuhusu gari kufunguliwa uani, na si vizuri kuligundua hilo gurudumu likiwa tayari limetolewa.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni breki ya mkono. Katika magari haya hushika magurudumu ya nyuma, na ukishayanyanyua hayo hakuna tena kinachozuia gari. Magurudumu ya mbele ni lazima yawekewe vizuizi mbele na nyuma, na gia iwekwe ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, kwa kuwa magari mengi kati ya haya huendeshwa na magurudumu ya mbele. Baada ya kunyanyua, gari likae juu ya stendi mbili za chuma zilizoegemezwa mahali palipokusudiwa na mtengenezaji. Jeki ni ya kunyanyulia tu, na matofali ya kujengea hupasuka ghafla bila dalili. Gari la aina hii lina uzito wa takriban tani moja.

Kwa upande wa fundi wa jua kali, sitamdharau hata kidogo. Mafundi wa Kariobangi Light Industries na wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, wameyafungua magari haya mara nyingi kuliko mhandisi yeyote, na mwenye uzoefu huweza kukuambia kwa kusikiliza tu ni bushi ipi inayolia. Wanachokikosa mara nyingi ni sakafu nzuri na spana ya kupimia mkazo, na kazi ya sasipensheni ya nyuma inategemea vyote viwili. Gereji yenye lifti inavyo, au inapaswa kuwa navyo, na kwa bolti iliyoganda kabisa, lifti humwezesha fundi kusimama wima na kutumia nguvu zake zote, jambo ambalo mtu aliyelala chali chini ya gari hawezi kulifanya kwa usalama.

Bolti hiyo ndiyo inayostahili kufikiriwa mapema kwenye Subaru na Corolla za mpangilio niliouelezea. Ni bolti ndefu inayopita ndani ya mikono yote miwili na kiungo cha gurudumu kwa pamoja, na kutu huiunganisha na bomba la chuma lililo ndani ya bushi kiasi kwamba nati hutoka lakini bolti hukataa kusogea. Kabla ya kuamua kufanya nyumbani, legeza nati yake kidogo, kisha jaribu kuizungusha bolti yenyewe gari likiwa bado chini. Ikizunguka peke yake, endelea na mpango wako. Ikizunguka pamoja na bushi au isizunguke kabisa, kaza nati na ulipeleke gari kwenye lifti, ukiwa umenunua bolti mpya kabla ya kwenda.

Njia ya kati, ambayo ndiyo ninayoipendekeza

Watu hulinganisha nyumbani na gereji kana kwamba ni lazima uchague kimoja. Nairobi inaruhusu njia ya kati ambayo kwa bushi ndiyo bora kuliko zote mbili: fungua mkono wa sasipensheni mwenyewe, uufunge kwenye gunia, upande nao matatu au bodaboda hadi kwa mtu mwenye presi, kisha urudi kuufunga mwenyewe. Presi ya haidroliki huitoa bushi ya zamani na kuiingiza mpya kwa muda mfupi, na unalipia kazi hiyo peke yake. Ukijaribu kuifanya nyumbani kwa nyundo na soketi, aghalabu unapinda ukingo wa tundu la mkono, na bushi mpya haikai tena imara.

Mara ya kwanza nilipokwenda Grogan na mkono wangu ndani ya gunia, mzee mmoja mwenye presi aliutazama akaona alama za nyundo ukingoni. Aliniambia, "Kijana wangu, hii usiipige tena, utapasua nyumba ya bushi." Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimeweka alama jinsi bushi ilivyokaa. Sikuwa nimeweka. Bushi nyingi zina mapengo ndani ya raba, na mapengo hayo ni lazima yaelekee upande maalumu ili mkono uwe laini kuelekea upande mmoja na mgumu kuelekea mwingine. Tangu siku hiyo huchora mstari wa rangi kwenye mkono kabla ya kuitoa bushi, na kuupiga picha kwa simu. Tulibahatika kwamba mkono wa upande wa pili ulikuwa bado kwenye gari, na nikarudi kuutazama.

Katika kuufunga kuna kanuni moja ambayo naiona ikivunjwa kila mahali, gerejini na nyumbani. Bolti zinazopita ndani ya bushi hazikazwi kwa mara ya mwisho wakati magurudumu yananing'inia. Raba ya bushi imeshikamana na bomba lake la ndani, na bolti inapokazwa, bomba hilo hubanwa lisizunguke. Ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, raba hujisokota mara tu gari linaposhushwa, na hubaki imesokotwa saa zote hadi inachanika mapema. Zikaze kiasi cha kushika tu, egemeza mkono kwa jeki hadi gurudumu lifikie kimo chake cha kawaida, kile ulichokiandika ulipopima mwanzoni kwenye upande mzima, au lishushe gari kabisa kama spana inafika, ndipo uzikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lenyewe. Ninaamini bushi nyingi zinazolaumiwa kuwa feki ziliuawa namna hii.

Vipuri: kipi kinafaa kwa gari la umri huu?

Kipuri halisi cha mtengenezaji hukaa muda mrefu zaidi na hugharimu zaidi, na kwa bushi, ambazo ni ndogo na kazi ya kuzibadilisha ni kubwa, nadhani tofauti hiyo inalipa. Kwa shoku, kampuni za vipuri kama KYB na Monroe zinatosha kabisa kwa gari la matumizi ya mjini, mradi ununue zote mbili za nyuma kwa pamoja, kwani shoku mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine hulifanya gari liyumbe visivyo sawa linapokata kona. Kagua maandishi na nambari kwenye boksi na kwenye chuma chenyewe, zifanane. Sheria dhidi ya bidhaa bandia imekuwapo tangu mwaka 2008, lakini ukaguzi wa kaunta bado ni wako.

Vipuri vilivyotumika kutoka Japani ni suala la kipande kwa kipande. Boriti nzima ya nyuma au mkono wa chuma kutoka huko ni ununuzi mzuri, mara nyingi bora kuliko mkono mpya wa bei ya chini ambao chuma chake ni chepesi, ila ukague kutu kwa makini, kwa sababu kaskazini mwa Japani chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji na huila chuma cha chini ya gari. Shoku zilizotumika, kinyume chake, sizinunui, wala bushi zilizokuja ndani ya mkono uliotumika sizitegemei. Raba huzeeka hata ikiwa imelala rafuni.

Kuna pia bushi za plastiki ngumu aina ya poliyurethani, ambazo mara nyingi huja vipande viwili na huingia kwa mkono bila presi. Hiyo huwavutia wanaofanya kazi nyumbani. Hudumu, lakini hupitisha mtetemo zaidi ndani ya gari na huweza kulia zikikosa grisi yake, na bado ni lazima uitoe bushi ya zamani, ambayo ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Kunyoosha, kuchomelea au kubadilisha

Mkono uliopinda au boriti iliyopasuka huleta kishawishi cha kuchomelea, kwa kuwa kuchomelea ni nafuu na welda yuko kila kona. Boriti inayonyumbuka imetengenezwa isokoteke kila gurudumu moja linapopanda tuta na jingine likabaki chini; ukiichomelea, mahali pa mshono panakuwa pagumu kuliko pembeni yake, na ufa mpya huanzia pembezoni mwa mshono huo. Mkono ulionyooshwa kwa moto hupoteza sehemu ya uimara wake. Vyote viwili hubadilishwa, na sioni nafasi ya kubishana hapo, hata kama itabidi gari lisimame mwezi mmoja hadi fedha zipatikane.

Mahali ambapo kuchomelea kunakubalika ni kwenye bodi yenyewe, pale kutu ilipokula eneo ambalo boriti au shoku hufungwa. Kazi hiyo si ya nyumbani. Tanki la petroli katika mengi ya magari haya liko karibu kabisa na ekseli ya nyuma, kwa hiyo ni lazima lishushwe, betri itenganishwe, na kazi ifanywe na fundi wa bodi anayekata kutu yote na kuweka bamba jipya badala ya kufunika la zamani.

Baada ya kazi ya mikono au fimbo, gari lenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea linahitaji alaimenti ya magurudumu yote manne, kwani mikono yake ya nyuma ina mahali pa kurekebisha mwelekeo wa gurudumu, na jicho haliwezi kupima hilo. Gari la boriti kwa kawaida halina cha kurekebisha nyuma. Mashine ikionyesha vipimo vibaya hapo, maana yake boriti imepinda au imefungwa vibaya, na fundi anayekuahidi kuirekebisha kwa spana anakueleza kitu ambacho boriti hiyo haina.

Mimi mwenyewe hufungua tena gurudumu baada ya wiki moja, nikajaribu kila bolti niliyoigusa kwa spana ya kupimia mkazo, kisha nikarudia vipimo vile vya futi. Mara ya mwisho pande mbili za Corolla zilitofautiana kwa milimita mbili. Nimeviandika vipimo hivyo, pamoja na tarehe, katika kitabu kinachokaa ndani ya gari, ili viwe vya kulinganishia siku nyuma itakapoanza kugonga tena.